Kabla ya kumruhusu mzazi, muulizeni: mtoto amepata choo saa ngapi?

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mabomba, au nilikuwa mpaka magoti yalipokataa. Kwa miaka 34 nimezibua vyoo na masinki ya watu kuanzia Majengo hadi Ganjoni, na vingine vya huku kwetu Likoni ambavyo sivitaji kwa heshima ya wenyewe. Natanguliza haya ili msomaji akiona naandika habari za matumbo ya watoto wachanga asidhani ni daktari anayesema. Ni babu tu. Lakini ni babu ambaye riziki yake yote ilitokana na kujua kitu kinapita wapi na kimekwama wapi, na bado akakaa nyumba moja na mjukuu aliyeziba, wiki 5, asitambue.

Kilichonitia kalamu mkononi ni maziko ya mwezi uliopita hapa Shika Adabu. Mtoto wa jirani, siku 12 tangu azaliwe. Baba yake alimbeba mwenyewe mikononi mpaka kaburini. Tuliporudi tukakaa barazani, na ami wa mtoto akawa anasimulia. Tumbo lilikuwa limejaa hadi likang'aa. Alikuwa akitapika kijani. Choo hakupata sawasawa tangu siku ya kwanza. Walimfunga mvuje mkononi, wakamwita mzee akamsomea, usiku wa mwisho joto likapanda. Nilikaa kimya na kikombe changu cha kahawa. Siwezi kuapa kwamba marehemu yule alikuwa na maradhi ya mjukuu wangu, yanayoitwa Hirschsprung, ya utumbo ambao mwisho wake haupitishi choo. Hakupimwa, na ziko sababu nyingine za mtoto mchanga kuziba. Ila kila alilolitaja ami yule mimi nililiona kwa macho yangu, kwa mpangilio uleule. Na kwa miaka 3 sikumwambia mtu mtaani, kwa sababu ni habari za choo na tuliona haya.

Basi nasema sasa.

Binti yangu alijifungua usiku wa Jumanne, saa 4. Mtoto wa kiume, analia kwa sauti, ananyonya. Jumatano saa 9 alasiri tulikuwa tumeshawapakia kwenye tuktuk. Ni saa 17. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kuzaa hata kama wote ni wazima, lakini wodi ilikuwa na wazazi wawili wawili kitandani, muuguzi mmoja anakimbia huku na huku, na sisi wenyewe ndio tuliokuwa mlangoni tukimharakisha atuachie twende. Simlaumu yule binti. Alimpima mtoto uzito, akatazama kitovu, akamgeuza akatazama tundu la nyuma, akasema, "Lipo." Akaandika, akatupa kijitabu.

Lipo! Fundi yeyote atakwambia tundu kuwepo si kusema maji yanashuka. Hakuuliza kama mtoto ameshapata choo, na sisi hatukusema kwa kuwa hatukujua kwamba ni jambo la kusemwa. Leo najua. Mtoto mzima aliyetimiza miezi yake hutoa kile choo cha kwanza, cheusi, kinachonata kama lami, ndani ya saa 24. Katika kila watoto 10, zaidi ya 9 hufanya hivyo. Zikifika saa 48 karibu wote wameshatoa. Wale waliozaliwa kabla ya wakati huweza kuchelewa bila ubaya wowote, lakini wetu hakuwa njiti. Lingeulizwa swali hilo moja mlangoni mwa wodi, mjukuu wangu angebaki ndani.

Siku ya 2, hakuna kitu. Mke wangu, aliyezaa sita na kulea wa wenzake, akasema wanaume ndivyo walivyo, huchelewa. (Nimekuja kujua kwamba maradhi haya huwapata wavulana mara 4 zaidi ya wasichana. Yaani yule anayesemekana "huchelewa" ndiye wa kutazamwa zaidi.) Siku ya 3 akaanza kurudisha maziwa, kisha yakawa si maziwa tena, ni kijani kama mchicha uliopondwa. Tumbo likawa gumu, mishipa inaonekana, ukiligusa kwa ukucha linalia. Hapo mke wangu akafanya alivyofanyiwa na mamake: alichonga kijipande cha sabuni ya mche, akakilowesha, akakitia nyuma.

Kilitoka kwa kishindo, Mhariri. Upepo na choo viliruka vikamfikia bibi mtu kwenye leso ya kifuani, harufu ikajaa chumba, na sisi sote tukacheka na kumshukuru Mungu. Tumbo likalala. Mtoto akanyonya, akapata usingizi. Nikamsifu mke wangu mbele ya mkwe. Kumbe kishindo kile ndicho kilichokuwa ushahidi. Daktari alinieleza baadaye kwamba kwa mtoto mwenye maradhi haya, ukitia kidole au kitu chochote nyuma, ile sehemu iliyofumba huachia kidogo, na vyote vilivyorundikana juu yake hufumuka kwa mpigo mmoja. Sisi tuliona dawa imefanya kazi. Mbali na kwamba sabuni huunguza ngozi laini ya ndani, ilitupa utulivu wa uongo tukakaa nao mwezi mzima, kila siku 3 au 4 mke wangu akichonga kipande kingine.

Siku ya 7 tulichinja mbuzi wa akika. Ninazo picha. Mtoto yuko kwenye shuka jeupe, mashavu yamebonyea, tumbo limetuna, na nakumbuka wageni walivyolisifu: "Mashallah, ameshiba huyu." Kwenye duka la dawa tulipewa chupa ya dawa ya gesi, mara mbili, bila mtu kuomba kumwona mtoto. Kliniki ya wiki ya 4 hatukwenda, mvua ilikuwa kubwa na binti yangu hajatoka arobaini.

Wiki ya 5, usiku, choo kikaanza kutoka chenyewe. Majimaji, mengi, na harufu ambayo sijakutana nayo hata ndani ya chemba, na kwa hilo najua ninachosema. Mwili ukawa moto. Unajua tulisema nini? Tulisema afadhali, amefunguka, sasa ni kuharisha tu. Nilikuwa nimeshainuka kwenda kutafuta sukari na chumvi niwachanganyie maji, binti yangu akasema, "Baba, mtoto haniangalii."

Saa 8 usiku tuko kivukoni, tumeshuka kwa miguu hadi majini, feri imeegeshwa upande wa kisiwani tukiziona taa zake. Wanaoishi Likoni wanazijua dakika zile. Mkwe wangu alikuwa akitembea kwenda na kurudi kwenye saruji kama mtu aliyepoteza funguo.

Hospitali ya upande wa pili sitaitaja jina, si kwa ubaya, ni kwamba sitaki kuonekana natangaza biashara ya mtu. Daktari wa zamu alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa mwisho. Swali lake la kwanza, kabla ya joto, kabla ya kuharisha: "Baada ya kuzaliwa, alipata choo siku ya ngapi?" Binti yangu alinitazama mimi, mimi nikamtazama mamake. Akavaa glavu, akapima kwa kidole cha mwisho, na alipokitoa, yaleyale ya sabuni. Hakucheka yeye. Aliita watu.

Ile tuliyoiita kuharisha ilikuwa uvimbe wa utumbo wenyewe. Choo kikikaa muda mrefu mahali pamoja, vijidudu huzaana, utumbo hupata jeraha na sumu huingia kwenye damu. Hapo ndipo watoto wengi wenye maradhi haya hufia, na hufia wakidhaniwa wana tumbo la kuendesha. Alitiwa dripu na dawa za kuua vijidudu, akapitishwa mpira puani hadi tumboni wa kutolea yale ya kijani, akasitishwa kunyonya. Kisha wakaanza kumsafisha kwa chini, taratibu, kwa maji ya chumvi ya hospitali yaliyopashwa vuguvugu. Nilisimama pale nikatazama. Mwenzenu nimetumia nguvu na waya wa chuma maisha yangu yote. Muuguzi yule alitumia mpira laini kama tambi, akishika tumbo kwa kiganja, akisubiri.

Kulipokucha daktari alinichorea kwenye kifuniko cha boksi la glavu. Bado ninacho. Alichora utumbo mpana kama mpira wa kumwagilia maua, juu umevimba, chini kwenye mwisho wake mwembamba. Alikuwa ameshaambiwa kazi yangu. Akanipa kalamu: "Haya fundi, kosa liko wapi?" Nikatia alama pale palipovimba. Akasema ndivyo walivyodhani na madaktari kwa miaka 60.

Hadithi yenyewe imenikaa kichwani. Daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung wa mjini Copenhagen, alisimama mbele ya wenzake Berlin mwaka 1886 akaeleza habari za wavulana wawili wachanga waliofariki, wote utumbo mpana umetanuka vibaya. Maradhi yakapewa jina lake mpaka leo. Kwa kuwa kilichoonekana ni ule utanukaji, basi wengi wakashikilia kwamba utanukaji ndio ugonjwa, na watoto wakaendelea kufa. Ni mwaka 1948 ndipo mpasuaji wa Boston, Marekani, Orvar Swenson, pamoja na mwenzake, walipoonyesha kwamba ile sehemu iliyovimba ndiyo nzima. Imevimba kwa kufanya kazi, inasukuma na haipitishi. Yenye kosa ni ile iliyo chini yake, nyembamba, inayopendeza, ambayo ukiitazama kwa macho hutaona ila yoyote. Swenson aliikata hiyo, akaushusha utumbo ule wenye afya, akauunga karibu na tundu la nyuma, na watoto wakapata choo. Upasuaji wanaofanya leo una namna zake kadha, mwingine hufanywa kwa kupitia nyuma bila hata kupasua tumbo, lakini shabaha ni ileile: toa kipande kisicho na uhai wa neva, shusha kilicho nao.

Nikamuuliza, kimeziba na nini? Hakuna kitu, akasema. Ukitia kidole hukuti uchafu uliokauka wala nyama iliyoota. Hapo ufundi wangu uliishia, maana bomba halisukumi. Maji hushuka kwa uzito wake. Utumbo husukuma. Hukaza huku ukalegea kule mbele, na kinacholegeza ni seli za neva zilizotapakaa ndani ya ukuta wake. Seli hizo hazizaliwi zikiwa mahali pake. Huanza safari upande wa juu, mimba ikiwa na wiki 5 hivi, zikishuka kufuata utumbo mpaka mwisho wake, na kufikia wiki ya 12 zinatakiwa ziwe zimefika. Zikikomea njiani, sehemu iliyobaki chini haitalegea kamwe. Hukaa imefumba kama ngumi. Kwa watoto 8 katika 10 zinakomea karibu na kufika, ni kile kipande cha mwisho tu kinachokosa. Wachache hukosa seli hizo katika utumbo mpana wote.

Nimelieleza hili kwa urefu, Mhariri, kwa ajili ya binti yangu. Maneno aliyoambiwa! Kwamba alikula udongo. Kwamba alipita makaburini magharibi akiwa na mimba. Kwamba kuna mtu alimtupia jicho kwenye harusi ya binamu yake. Shangazi mmoja alisema ni kwa sababu alifunga Ramadhani akiwa mja mzito, na huyu ni mtu anayejua kusoma. Wiki ya 12! Wiki ya 12 binti yangu alikuwa hata hajatuambia kwamba ana mimba. Lililotokea lilitokea mle ndani, katika safari ya vitu visivyoonekana ila kwa hadubini, na hakuna alichokula wala kutokula kilichozituma au kuzizuia. Upande wa urithi upo kidogo: familia iliyokwisha kupata mmoja ina uwezekano mkubwa kuliko nyingine wa kupata wa pili, na watoto wenye hali ya Down, wale wanaozaliwa na kromosomu moja ya ziada, hupata maradhi haya zaidi. Kwa hiyo tumeambiwa akijaliwa tena tuseme mapema, siku ileile ya kuzaa.

Vipimo havikuwa vingi. Alitiwa dawa nyeupe ya bariamu kwa chini akapigwa picha, na kwenye picha nikaiona ile michoro ya kifuniko, juu pana, chini pembamba, na katikati mahali inapobadilika kama kidomo cha faneli. Kisha wakakata kijipande kidogo cha ndani ya njia ya haja kubwa kikaenda kutazamwa kwa hadubini. Kipimo hicho ndicho cha kukata shauri: wanatafuta zile seli, na wasipoziona, ndiyo yenyewe. Tulisubiri jibu. Habari za malipo siziingii hapa, gazeti halitatosha.

Kwa vile utumbo ulikuwa umechoka na mtoto amekonda, hawakuweza kumfanyia ile operesheni kubwa. Walimtolea utumbo kwenye tumbo, upande wa kushoto, awe anapatia choo hapo mpaka apone. Mke wangu alipoona mara ya kwanza, kile kinundu chekundu kama ua la mkomamanga, alitoka nje akakaa kwenye ngazi na hakurudi mpaka adhuhuri. Namwelewa. Lakini tumbo lile lililokuwa likilia kama ngoma lilikuwa limelala, na mtoto ambaye kwa wiki 6 hakuwahi kutabasamu alimkodolea macho feni ya wodi akacheka.

Mifuko ya kubandika ni ghali, na kwa joto la Mombasa gundi yake huachia kabla ya magharibi. Tulichana leso kuukuu, zile laini za kuoshwa mara nyingi, tukawa tunakunja na kumfunga, na pembeni mwa kile kinundu tunampaka malai ya zinki ngozi isichubuke. Ngozi ikikaa kavu kila kitu huenda. Binti yangu hakwenda harusi wala maulidi kwa miezi 9, kwa kuogopa mtu atasema nataka kumpakata. Mimi nilijifunza kumbadilisha gizani bila kuwasha taa. Mkono wa fundi una faida zake.

Wengine hawapitii hatua hiyo. Wakigundulika mapema, siku za mwanzo, utumbo haujavimba sana, mtoto ana uzito wake, baadhi hufanyiwa operesheni moja kwa moja, na katika kungoja wazazi hufundishwa kumsafisha kwa chini nyumbani. Hapa naomba nisieleweke vibaya. Kusafisha huko ni kwa aliyefundishwa, kwa mpira wa saizi aliyopewa, na kwa maji ya chumvi yaliyopimwa. Maji matupu ya mfereji hunyonywa na utumbo, chumvi ya damu huvurugika, na mtoto anaweza kupatwa na degedege. Nimesikia kuna wanaotumia maji ya sabuni. Tafadhali.

Operesheni kubwa ilifanyika akiwa na miezi 11, na baada ya wiki kadha kile kinundu kikafungwa. Siku choo kilipotoka mahali pake, mkwe wangu alinipigia simu niko juu ya dari la mtu Mtongwe nafunga tangi, akasema neno moja tu, na nikajua. Mwenye nyumba akadhani nimeshinda bahati nasibu.

Sitadanganya kwamba yaliishia hapo. Mara 2 tangu wakati huo ule uvimbe wa utumbo umerudi, joto, tumbo kujaa, harufu ile, na mara zote mbili tulikuwa hospitali kabla ya saa 2 kupita kwa sababu sasa tunaijua. Nepi ameacha mchana lakini huchafua suruali mara kwa mara. Daktari anasema wengi huendelea kuimarika kadiri wanavyokua, wengine hubaki na shida ya choo kigumu, na kwamba nisimkaripie. Simkaripii. Nimezoea choo kuliko watu wote wa nyumba hii.

Wanasema hupata mtoto 1 katika kila 5,000 hivi wanaozaliwa, na utasikia mtu akisema basi ni nadra. Kenya huzaliwa zaidi ya watoto milioni 1 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe. Ni zaidi ya 200 kila mwaka, na nashangaa ni wangapi kati yao wanaofika mezani kwa mpasuaji na wangapi wanaopita njia ya mtoto wa jirani yangu.

Ninaloomba halihitaji mashine. Kwenye kijitabu cha binti yangu imeandikwa saa ya kuzaliwa, uzito, chanjo, kitovu. Saa ya choo cha kwanza hakuna aliyeiandika. Iandikwe. Na kama nafasi yake ni tupu, mzazi asiruhusiwe. Au kama wodi imefurika na lazima aende, aambiwe kwa maneno yanayoeleweka kwamba kesho saa fulani zikifika bila choo arudi, na bibi wa mtoto aambiwe pia, maana nyumbani anayeamua ni yeye. Wapo watakaopata choo kwa wakati na bado wawe nao, kwa hiyo wahamasishaji wa afya wanaopita majumbani wasitazame kitovu peke yake, wafungue nepi na watazame tumbo. Wenye maduka ya dawa, mtu akija kununua dawa ya gesi ya mtoto wa wiki 1, mwambieni amlete mtoto mumwone. Na matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga hayana jina la kungojea. Yaweza kuwa haya ya kwetu, yaweza kuwa utumbo uliokatika tangu tumboni, yaweza kuwa utumbo uliojisokota, na huo wa mwisho hufa kwa saa chache. Ni kushuka kwenye feri usiku uleule.

Kwa mabibi wenzake mke wangu sina maneno makali. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niandike na ile ya sabuni. Juzi alimwendea mamake yule mtoto tuliyemzika, akakaa naye mpaka jioni, na sijui walizungumza nini.

Jina langu na nambari yangu ya simu unazo, Mhariri, lakini naomba usivichapishe. Si haya tena. Mtoto anaanza chekechea Januari, na kama wenzake watamuuliza kovu la tumboni limetoka wapi, nataka awajibu mwenyewe anavyopenda. Kwa sasa anasema aling'atwa na papa.

Fundi wa mabomba mstaafu,
Shika Adabu, Likoni, Mombasa